Muhula Waliompima Timazi

Jina la Timazi alipewa na wanafunzi wenyewe, na lilimkaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu asiyeegemea kitu hata akichoka, na somo lake lilikuwa upimaji ardhi. Katika kazi hiyo timazi, ile risasi inayoning'inia kwenye uzi, ndiyo inayokwambia kama umesimama sawasawa juu ya alama au unajidanganya. Wanafunzi walisema akipita uwanjani hata mlingoti wa bendera unajinyoosha. Alilijua jina hilo, na kwa siri alilipenda.

Alikuwa mwalimu kwelikweli. Alifika darasani mfagiaji akiwa bado anakusanya takataka za jana. Kazi za wanafunzi alizisahihisha mstari kwa mstari kwa kalamu ya kijani, na aliyekosea hesabu hakuambiwa tu kwamba amekosea. Alionyeshwa mahali mguu ulipoanza kuteleza. Ila neno tamu hakuwa nalo. Aliyepata aliambiwa "Endelea," aliyekosa aliambiwa "Rudia," kwa sauti ile ile. Mwisho wa kila muhula wanafunzi walipojaza tathmini ya walimu kwenye simu zao, kila swali likipewa alama kuanzia moja hadi tano, yeye alipata alama za katikati. "Mkali, ila anafundisha," waliandika. Aliona amepewa haki yake, akaendelea na mambo yake.

Muhula ulioharibika ulianza kuharibika kwa simu ya kaka yake mkubwa. Mama yao alikuwa mzee sana, akikaa kwa dada yao, na dada alikuwa amechoka. Ndugu hao wawili walikuwa wakirushiana mzigo huo kwa wiki kadhaa, kila mmoja akiuita heshima ya mwenzake. Asubuhi hiyo kaka akapoteza subira.

"Sikiliza nikwambie, mdogo wangu," alisema. "Mtu unapima ardhi ya dunia nzima, halafu kwako hakuna nafasi ya kitanda kimoja cha mama. Shahada zote hizo zimekufundisha nini?"

Simu ikakatwa. Timazi alibaki ameishika. Mke wake alikuwa jikoni, lakini hakumwambia kitu. Alichukua mkoba wake akaenda kazini na maneno ya kaka yamemkwama kooni kama mfupa.

Siku hiyo ilikuwa ya mazoezi ya uwanjani. Wanafunzi walikuwa wametawanyika nyuma ya maktaba, kutoka kwenye tangi la maji mpaka geti la nyuma, kila kundi na vigingi vyake, fimbo yake ya vipimo na mashine yake ya kupimia pembe juu ya miguu mitatu. Kundi la karibu na tangi lilipewa mashine nzuri kuliko zote za idara. Aliyeisimamisha alikuwa binti mmoja ambaye wenzake walimwita Chiriku, kwa utani tu, kwa kuwa alikuwa hasemi. Unaweza kukaa naye benchi moja muhula mzima usijue sauti yake ikoje. Lakini mikono yake ilikuwa na utulivu, na wenzake walimwachia mashine bila kubishana.

Chiriku alikaza mguu wa mwisho, akarudi nyuma hatua kidogo amtazame mwenzake aliyeshika fimbo. Mguu wa mashine ukateleza. Mashine ikaenda kifudifudi ikapiga saruji ya msingi wa tangi, na kioo chake kikapasuka. Mlio wake ulisikika hadi getini.

Timazi alifika pale kwa hatua ndefu.

"Nani ameisimamisha hii?"

"Mimi, mwalimu," alisema Chiriku. "Ila hiyo skrubu..."

"Funga mdomo. Leo ndiyo umekumbuka kuimba, Chiriku? Nakuuliza, nani alikuleta chuo?"

"Mjomba wangu."

Mtu mmoja alicheka, kile kicheko cha woga kinachomtoka mtu bila kutaka.

"Basi kamwambie mjomba wako alipoteza nauli," alisema Timazi, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililofanya maneno yazidi kuuma. "Waliokulea walikuwa wanafanya nini? Mtu anayeshindwa kusimamisha kitu chenye miguu mitatu, atasimamia nini maishani? Kazi hii si ya watu wa aina yako."

Hakuna aliyecheka tena. Makundi mengine yalikuwa yamesimama, vigingi mikononi. Chiriku aliinama akaanza kuokota vipande vya kioo kwa vidole, kimoja kimoja, akiviweka kwenye kiganja. Timazi alimtazama akiviokota. Angeweza kusema "Acha, utajikata." Neno hilo lilikuwa jepesi, na miaka iliyofuata alilisema mara nyingi peke yake, lakini siku ile halikutoka.

Jioni alibaki stoo ya vifaa kuikagua mashine. Aliishika ile miguu mitatu, akaufungua mguu ulioteleza, akakaza skrubu yake. Ikazunguka. Akaikaza tena, ikazunguka tena bila kushika kitu. Meno yake yalikuwa yameisha kabisa, yamelika kama sabuni. Hapo akakumbuka. Mwanzo wa muhula yeye mwenyewe alikuwa ameiona skrubu ile inaanza kulegea, akasema ataipeleka kwa fundi, kisha ikaja mitihani ya marudio, likaja hili na lile, akasahau.

Alikaa juu ya sanduku la mbao, skrubu mkononi. Halafu alifanya jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa kubwa kuliko matusi ya asubuhi. Ilibidi ajaze taarifa ya kifaa kuharibika, naye akaandika: "Mashine ilianguka ikiwa inatumiwa na mwanafunzi." Akaweka jina la binti. Hakuandika uongo. Aliandika ukweli uliokatwa mkia.

Alijiahidi kwamba kesho yake atamwita na kuzungumza naye. Kesho yake Chiriku hakuja. Timazi alitazama kiti chake kitupu, akajisikia kama mtu aliyeongezewa muda wa kulipa deni. Akasema basi, atazungumza naye akirudi. Na kadiri siku zilivyopita lile neno la kusema lilizidi kuwa zito, mpaka akaanza kuomba moyoni asikutane naye kwenye korido.

Ndipo ikaja wiki ya tathmini.

Wanafunzi wake walikusanyika kwenye ngazi za kantini, kila mmoja na simu yake. Kiongozi wa darasa, kijana mwenye sauti kubwa aliyezoea kusoma matangazo, alisimama ngazi ya chini.

"Jamani, mnakumbuka uwanjani. Leo zamu yetu."

"Lakini kufundisha anafundisha," alisema dada mmoja aliyekaa pembeni. "Tuseme ukweli. Mimi hesabu za pembe nimezielewa kwake."

"Na Chiriku alielewa nini kwake?"

Dada yule akainamia simu yake.

"Ukimpa nne, ujue uko upande wake," alisema mwingine, na hilo likamaliza mjadala. Vidole vikaanza kushuka kwenye simu. Maswali yalikuwa mengi: je, anaandaa somo vizuri, anaeleza kwa ufasaha, anarudisha kazi mapema, anafika kwa wakati. Hakuna aliyeyasoma hadi mwisho. Walikuwa wakimuona binti ameinama anaokota kioo, na mbele ya picha hiyo kila swali lilikuwa na jibu moja.

Mkuu wa idara, mama mmoja mtulivu aliyesoma na Timazi tangu ujana wao, alimwita ofisini. Feni ilikuwa ikikokota hewa ya moto, na chai yake ilikuwa imepoa mezani bila kuguswa. Alimgeuzia kioo cha kompyuta.

Moja. Moja. Moja. Timazi alishuka na safu hiyo mpaka alipofika kwenye swali la kufika darasani kwa wakati, akakuta moja. Akacheka kwa sauti.

"Mkuu, hebu soma hapa. Mimi nachelewa?"

"Huchelewi. Hata walinzi wanajua huchelewi."

"Basi huu ni uongo."

"Huo ni uongo, kaka."

"Na kama huo ni uongo, haya mengine yana thamani gani?"

Mkuu aliteremsha ukurasa hadi kwenye maoni, akayasoma taratibu. "Anatudharau." "Alimtukana mwenzetu na wazazi waliomlea." "Anajua ardhi, hajui watu." Kisha akavua miwani.

"Kilitokea nini uwanjani?"

"Mashine ilivunjika. Mwanafunzi alizembea, nikamkemea."

"Ndivyo tu?"

"Ndivyo tu."

Aliusema huo uongo akimtazama machoni, na haukumsumbua, kwa sababu alikuwa na ule uongo wa wanafunzi wa kujifunikia. Kuanzia siku hiyo, kila roho ilipomsuta kuhusu Chiriku, alikimbilia kwenye lile swali la kufika kwa wakati. Watu wanaoweza kumwandika yeye kuwa mchelewaji, alijiambia, wana haki gani ya kumhukumu kwa jingine lolote? Wangempa haki yake hapo, pengine ukweli wa kule kwingine ungemfikia. Lakini walimpa kosa la bandia, naye akalikumbatia, na lile la kweli likapita chini.

Mkuu alimweleza kwamba kamati ya kitivo imeona alama hizo. Zikijirudia, somo litapewa mtu mwingine.

Nyumbani alisimulia habari hiyo mezani. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa amekuja likizo kutoka chuo chake, amekaa anamenya chungwa. Baba alipofika kwenye swali la wakati, binti aliangua kicheko.

"Samahani, baba, lakini hivyo ndivyo inavyokwenda. Hatusomi maswali sisi. Unamfikiria mtu, unaona roho yako inasemaje, unashuka na moja mpaka chini au unapanda na tano mpaka juu. Sisi kuna mmoja tulimnyoosha mwaka jana, hadi leo akituona anatusalimia yeye kwanza."

"Na haki iko wapi?"

"Haki gani, na mtu ameshakukera?"

"Haya, na anayetaka tano afanyeje?"

Binti alirusha ganda kwenye sahani. "Hiyo rahisi. Chekesha darasa. Jaribio la mwisho lifanye jepesi, na majibu uyatoe kabla ya tathmini. Wiki ile yenyewe lete biskuti. Usicheke, baba! Kuna mwalimu wetu analeta biskuti na tunajua kwa nini analeta, na bado tunampa tano."

Mke wa Timazi alikuwa mkunga hospitalini. Alikuwa amesikiliza yote huku akikunja nguo zake za kazi. "Na yule msichana aliyeangusha mashine," aliuliza, "anaendeleaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Hajaja darasani."

Mke aliweka nguo chini. "Mimi wodini nikimfokea mama anayejifungua, na huwa nafoka, sitasema sifoki, kesho yake kitanda chake ndicho ninachoanza nacho. Hata kama alinitukana yeye kwanza."

"Huku ni chuoni, mama watoto."

"Najua ni chuoni," alisema mke wake. Timazi akainuka kwenda kunawa mikono, ingawa hakuwa amekula bado.

Mwisho wa mwezi huo walimchukua mama yake. Kitanda kilipatikana, ilitosha kuhamisha meza ya kupigia pasi. Kaka alipiga simu kushukuru na wakacheka pamoja kama watoto. Ugomvi uliomchoma asubuhi ile ukaisha hivyo, kwa meza kusogezwa. Kile alichokimwaga uwanjani kwa sababu ya ugomvi huo hakikuwa na meza ya kusogeza.

Muhula mpya ulipoanza, wanafunzi wapya walimkuta Timazi mwingine. Mwanzoni utani ulimtoka kwa shida, kama maji kwenye bomba lenye kutu. Baadaye akaona si kazi ngumu. Alijifunza kujicheka urefu wake, kumwita kila mmoja "mhandisi", kuuliza habari za mpira. Jua likiwa kali mazoezi yaliahirishwa. Waliochelewa kuleta kazi waliambiwa hakuna shida, na ile kalamu ya kijani ikakaa mfukoni. Wanafunzi wakaanza kumngoja nje ya darasa ili waingie naye wakicheka.

Siku moja alikuta kijana amesimamisha mashine juu ya kigingi, na timazi inaning'inia pembeni kabisa ya alama, hata mtu mwenye mtoto wa jicho angeliona.

"Iko sawa hiyo?" aliuliza.

"Iko karibu karibu, mwalimu!" alisema kijana kwa bashasha, na wenzake wakacheka.

Zamani angesema "Rudia," na kijana angerudia hadi jioni. Timazi alifungua kinywa. Akaona zile nyuso zinazomtazama kwa mapenzi, akaona na wiki ya tathmini iliyokuwa inakaribia.

"Haya, mhandisi," alisema. "Twende hivyo hivyo."

Biskuti alizileta. Majibu ya jaribio aliyatoa mapema. Tathmini ilipotoka, Mkuu wa idara alimwita tena, na safari hii alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri.

"Kaka, umezaliwa upya! Njoo uone."

Tano, tano, nne, tano. Timazi alishuka na safu taratibu. Akasimama kwenye swali la kurudisha kazi za wanafunzi kwa wakati. Tano. Kazi zao zote za muhula mzima zilikuwa kwenye buti la gari lake, ndani ya mfuko wa plastiki, hajafungua hata moja.

Hapo ndipo ile ngao yake ilipovunjika. Wakati wa hasira walikuwa wamesema uongo, na akajificha nyuma yake. Sasa wamesema uongo kwa furaha, na hakukuwa na pa kujificha. Alikaa kwenye kiti cha wageni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akauliza, macho yakiwa sakafuni.

"Yule binti wa mashine. Yuko mwaka wa ngapi sasa?"

"Chiriku? Aliacha chuo, hukujua? Alikuja na mjomba wake kuchukua vyeti vyake. Nilimsihi, nikamwambia hata kama ni idara nyingine tutamtafutia. Akasema hapana."

"Alisema sababu?"

"Alisema kazi hii si ya watu wa aina yake."

Feni ilizunguka. Timazi aliyajua maneno hayo na aliyajua mpaka mahali pa kupumua katikati yake.

"Mjomba wake ana duka la vifaa vya ujenzi," aliongeza Mkuu kwa upole. "Nyuma ya stendi."

Alikwenda Jumamosi. Duka lilikuwa na mabati yaliyoegeshwa ukutani, koili za waya, ndoo za rangi hadi darini, na mizani ya misumari juu ya kaunta. Chiriku alikuwa nyuma ya kaunta, akimpimia fundi mmoja kipande cha bomba. Alimuona mwalimu wake, mikono ikasimama, kisha ikaendelea. Alimaliza na fundi, akamuaga, ndipo akageuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Salamu hiyo ilimchoma. Alitamani angenyimwa. "Nimekuja kuzungumza na wewe, kama una nafasi."

"Zungumza tu. Mteja akija nitamhudumia."

Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa yote yakamtawanyika. "Ile skrubu," alisema. "Ya mguu wa mashine. Ilikuwa imeisha meno. Hukuiangusha wewe."

"Nilijua, mwalimu."

"Ulijua?"

"Nilipokuwa naikaza niliona inazunguka bure. Nilitaka nikwambie." Alifuta vumbi kwenye mizani kwa upande wa kiganja. "Si nilianza kukwambia?"

Timazi alishika ukingo wa kaunta. Mtu ambaye hakuwahi kuonekana akiegemea kitu alikuwa ameegemea. "Na mimi nilijua," alisema. "Si baadaye tu. Tangu mwanzo wa muhula nilijua skrubu ile inalegea. Na jioni ile ile nikaikuta imeisha, nikanyamaza, nikaandika jina lako kwenye taarifa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimegombana na kaka yangu. Nakwambia si kwa kujitetea. Nakwambia kwa sababu hata hasira yenyewe haikuwa yako."

Chiriku hakulia wala hakukasirika. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu habari ya nyumba aliyokwisha kuihama.

"Wenzangu walikuja kuniona," alisema mwishowe. "Mara moja. Wamefurahi kweli. Wakasema, tumekulipia, tumempa moja kila mahali, atakoma. Nikawauliza, sasa mimi imenisaidia nini? Walikaa kidogo, wakanywa soda, wakaondoka, hawakurudi tena. Nadhani walihisi wameshamaliza kazi." Alitabasamu kidogo, si kwa furaha. "Ningekuwepo nisingejaza hivyo, mwalimu. Kufundisha ulikuwa unafundisha. Mjomba nilikuwa namwonyesha daftari langu, anashangaa."

Maneno hayo yalimuumiza kuliko zile alama zote za moja.

"Rudi," alisema. "Nitakwenda kwa Mkuu, nitaeleza kila kitu. Nafasi yako itapatikana. Nitakufundisha mwenyewe yaliyokupita."

"Nashukuru."

"Utarudi?"

"Mwalimu, mimi nikishika ile mashine mikono inatetemeka. Nilijaribu. Kabla sijaacha nilikwenda stoo na rafiki yangu, nikasema niisimamishe tu, hakuna mtu anaangalia. Nilishindwa." Alinyoosha mikono yake juu ya kaunta, mikono ile tulivu, akaitazama kama ya mtu mwingine. "Hapa haitetemeki."

Mteja aliingia, akataka gundi ya mabomba. Chiriku alimhudumia. Timazi alisimama pembeni mpaka mteja akatoka.

"Nisamehe, binti yangu."

"Nimekusikia, mwalimu," alisema Chiriku. Alisema hivyo kwa heshima, kisha akaandika mauzo ya gundi daftarini.

Jumatatu Timazi aliandika upya ile taarifa, na safari hii mkia wake haukukatwa. Alieleza skrubu, alieleza kusahau kwake, alieleza na kunyamaza kwake. Mkuu wa idara aliisoma mara mbili.

"Alama zako ndiyo kwanza zimepanda," alisema. "Kwa nini unajichimbia shimo? Hakuna anayekuuliza tena."

"Ndiyo maana naandika."

Alipewa onyo kwa barua, na kamati ikamwondoa kwenye orodha ya waliokuwa wakifikiriwa kupandishwa cheo. Hakubisha. Mkuu alimwandikia Chiriku kwamba jina lake limesafishwa na mlango uko wazi. Jibu halikuja.

Kwa wale wanafunzi wa biskuti, alirudi darasani na mfuko wa plastiki, akaomba radhi, akawarudishia kazi zao zikiwa zimejaa kijani. Kisha akawatoa juani wakaanza upya, kigingi kwa kigingi. Mapenzi yakapoa upesi. "Mwalimu amebadilika," walinong'ona, na tathmini iliyofuata ilisema hivyo. Aliisoma yote. Alama zilimwambia zaidi jinsi watu walivyoamka siku ile, kwa hiyo hakuzitilia maanani sana; lakini maoni aliyasoma kila neno, na palipotajwa mtu aliyeumizwa alimtafuta wiki hiyo hiyo. Hakuwa mpole kwa hayo. Bado alisema "Rudia." Ila hasira ikimpanda alitembea kwanza mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, na wanafunzi waliokuja baadaye, wasiojua habari, walidhani anakagua mipaka.

Mwaka mmoja na kitu ulipita kabla hajapata ujasiri wa kwenda tena nyuma ya stendi. Duka lilikuwa limepakwa rangi mpya. Nyuma ya kaunta alikuwa mjomba mtu, mzee mnene wa miwani, akihesabu bawaba.

"Namtafuta binti yako. Mpwa wako, samahani."

"Ah, huyo hayupo tena hapa. Amehamia mji mwingine, ana maisha yake huko. Anaendelea vizuri." Mzee alimtazama juu ya miwani. "Akipiga simu nimwambie nani alimtafuta?"

"Mwambie mwalimu wake," alisema Timazi. Kisha akaona hilo si sawa, hakuwa na haki nalo. "Mwambie ni mtu aliyewahi kumfundisha kidogo."

"Sawa, nitamwambia," alisema mzee, akageukia bawaba zake, na kwa kuwa alikuwa amepoteza hesabu, akaanza upya.